Vikombe Viwili vya Maziwa

Wewe unayenisikiliza, kama tumbo lako linanguruma sasa hivi, usione haya. Liache lingurume. Nimeishi na tumbo lenye maneno mengi tangu ujana wangu, na nimejifunza kwamba tumbo halina uongo. Uongo ni wetu sisi tunaolibeba. Nitakueleza polepole, kwa sababu jambo hili wengi hulielewa wakiwa wamekwisha kuumia, na sipendi mtu ajifunze kwa njia niliyojifunzia mimi, yaani akivuka ua mbio huku ameshika kitenge kwa mikono miwili.

Ilikuwa hapa Kisangani, katika miaka ya hamsini, mji ukiwa na jina jingine kwenye karatasi za Wabelgiji. Wazazi wangu walitoka Maniema. Mume wangu alitoka Yanonge, huko chini mtoni. Alikuwa karani katika kampuni ya meli. Alikuwa na kalamu mfukoni, tai shingoni, na hamu moja tu moyoni: kupata kadi.

Kadi yenyewe inahitaji maelezo. Serikali ilikuwa imegundua kwamba miongoni mwetu wamo waliokwisha kuanza kuwa watu, na ili wasichanganyike na wale ambao bado, ikawatolea kadi. Mwenye nayo aliitwa évolué, mtu aliyeendelea. Alikuwa anaendelea kwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Mwenye kadi angeweza kupita mjini giza likishaingia bila polisi kumwuliza anatafuta nini, na Mungu akipenda mwanawe angepokewa katika shule nzuri. Sisi hatukuwa na mtoto bado, lakini mume wangu alikuwa amekwisha kumchagulia dawati karibu na dirisha.

Sasa, kadi haikutolewa kwa kujua kusoma na kuandika. Hapana, hiyo ingekuwa rahisi mno. Wakaguzi walikuja nyumbani. Walitazama kama vitanda vina shuka, kama jiko ni safi, kama choo kina mlango, kama mke anaketi mezani na mumewe na kushika uma upande unaotakiwa. Katika mtaa wetu kulikuwa na seti moja ya uma na visu vizuri ambayo ilisafiri kuliko meli za kampuni. Ikisikika kwamba wakaguzi wanakwenda nyumba fulani, seti ilitangulia ndani ya kikapu chini ya majani ya mihogo, na baadaye ikarudi kungoja mtu mwingine wa kuendelea.

“Mke ndiye mtihani,” wenzake kazini walimwambia mume wangu, na maneno hayo akaniletea nyumbani kama zawadi. Ilisemwa kwamba karani mmoja alinyimwa kadi kwa sababu mkewe alipakulia wageni kwa mkono.

Siku moja, akipaka viatu rangi, mume wangu akasema bila kunitazama, “Masista ba ng’ambo banafundisha mabinti muzuri sana. Banajua kila kitu ya meza.”

“Na mabinti hao wamekwisha kuolewa?” nikauliza.

“Nasema tu.”

Alisema tu. Nami nikasikia tu. Tangu siku ile nilijua kwamba kadi ikikosekana kosa litakuwa langu, na kwamba ng’ambo ya mto kuna msichana mwenye uma mkononi ambaye angeweza kukalia kiti changu. Nilikipenda kiti hicho. Nilimpenda pia yule aliyeketi upande wa pili, ingawa kwa miezi ile alifanya kila awezalo kunipa sababu ya kuacha.

Kwa hiyo nikaenda kufundishwa. Kulikuwa na nyumba ambamo madamu mmoja wa Kizungu alifundisha wake za makarani kushona, kupiga pasi na kupika vyakula vya watu walioendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alitushika mikono alipotufundisha kufuma sufu, akakumbuka nani kafiwa na nani mgonjwa. Ila alikuwa na imani moja aliyoishika kuliko Injili, nayo ilikuwa maziwa ya unga. Kwake maziwa yalikuwa dawa, chakula, adabu na historia. Alitufundisha kahawa yenye maziwa mengi kuliko kahawa. Alitufundisha viazi vya kusagwa kwa maziwa. Alitufundisha sosi nyeupe, unga na siagi na maziwa vikikorogwa hadi viwe kitu ambacho baba yangu angekitumia kubandikia karatasi ukutani, kisha akatuonyesha kukimwaga juu ya samaki. Samaki mzima wa mtoni, aliyekufa kifo cha heshima, amefunikwa plasta.

Kikombe cha kwanza nilikimaliza kwa furaha, maana kilikuwa na sukari. Nilikuwa sijafika nyumbani tumbo likaanza kujaa kama ngoma iliyowekwa juani. Kisha likanguruma. Kisha likaniuma chini ya kitovu, maumivu yanayokuja na kurudi nyuma kama mtu anayejaribu mlango, na halafu mlango ukafunguka. Sitaeleza zaidi. Wewe una tumbo, unaelewa.

Nilimwambia madamu, kwa Kifaransa changu cha wakati ule, kwamba maziwa yananifanya nikimbie.

“Ni mazoea,” akasema kwa upole. “Mwili wako haujawahi kupata chakula kizuri. Kunywa kila siku, hata kama unaumia. Mwili utajifunza.”

Nami nikaamini. Ukinicheka una haki, lakini fikiri kidogo. Niliambiwa na mtu mwenye kitabu, mwenye mizani ya kupimia unga, mwenye mapazia. Kwetu, chakula kikikuumiza unaacha kukila, na hiyo nilidhani ni tabia ya washenzi. Mtu aliyeendelea, nilidhani, chakula kikimwumiza huongeza kikombe. Basi nikaongeza. Kila asubuhi nilimeza darasa langu, na kila asubuhi darasa lilitoka kama lilivyoingia. Nikakonda. Jirani walipouliza kama nina mimba nilitabasamu kwa siri, kwa kuwa mimba ilikuwa na heshima kuliko ukweli.

Mume wangu alipoona nimejua sosi nyeupe, akaamuru tufanye mazoezi. Kila Jumapili tulikula mezani kama wakaguzi wamo ndani: kitambaa cha meza, uma wa kuazima, kahawa ya maziwa, samaki aliyepigwa plasta. Aliketi wima, akaniita “madamu,” akaniuliza kwa Kifaransa habari za hali ya hewa iliyokuwa ikitunyeshea sote wawili. Na kila mara, katikati ya chakula, mimi nilisimama.

“Nakwenda kutazama moto.”

Nikirudi, yeye alikuwa hayupo. Baadaye aliingia akijipangusa uso kwa leso.

“Nilikwenda kutazama lupango,” alisema. Lupango ni uzio wetu wa miti, na kwa kweli hakuna uzio uliowahi kutazamwa vile katika mji huu. Nilidhani anahofia wezi. Yeye alidhani mimi ni mpishi mwenye bidii. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyoweza kulala kitanda kimoja na kuwa na tumbo moja bila kujua.

Siku ya wakaguzi ilipotangazwa, mama mkwe alipanda kutoka Yanonge kwa mtumbwi wa wafanyabiashara, na kikapu cha samaki wa kukaushwa moshini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka kwa pua, na hakusema Kifaransa hata kidogo, jambo lililompa nafasi kubwa ya kufikiri. Mwanawe alimpokea kwa furaha, halafu akakinusa kikapu.

“Mama, samaki hii ikae inje. Wazungu banakuja.”

“Wazungu hawana pua ya samaki?”

“Iko harufu, mama.”

“Harufu hii ndiyo ilikulipia shule,” akasema, akakisukuma kikapu ndani kwa mguu.

Jumapili ile alikataa meza yetu. Aliketi jikoni, nyuma ya nyumba, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akila lituma yake: ndizi na mihogo vilivyotwangwa pamoja hadi viwe bonge moja laini, kwa mchuzi wa mawese. Kutoka pale aliona ua wote. Aliniona mimi nikipita mbio. Akamwona mwanawe akipita mbio. Tuliporudi ndani kila mtu kwa uwongo wake, akaja akasimama mlangoni na bonge la lituma mkononi.

“Nyumba hii batu banatazama moto, banatazama lupango. Moto ilikimbia? Lupango ilikimbia?”

Tukanyoosha kitambaa cha meza.

“Ni maziwa,” akasema. “Muache maziwa.”

“Mama,” mume wangu akasema, “haujui. Hii ni civilisation.”

“Bon. Na civilisation iko na choo ngapi? Yenu iko moja tu, na muko wawili.”

Mume wangu akakasirika, akasema kwamba yeye alikuwa anatazama uzio kweli, na kama kuna mtu mwenye tumbo dhaifu katika nyumba hii basi anajulikana. Wakanitazama wote. Nikatazama sosi.

Jioni ile nilikaa na mama mkwe kuchambua mchele. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: yeye hawezi kula mbinzo, viwavi vile vya kukaanga ambavyo Yanonge nzima huvigombania msimu ukifika. Akivila, ngozi yake huota madonge na macho huvimba. Alipoolewa, wakwe zake walisema ni kiburi, kwamba binti huyu anajiona. Mama mkwe wake alimwekea viwavi ndani ya pondu, majani ya mihogo yaliyotwangwa, ili kumkamata uwongo.

“Wakakukamata?”

“Wakakamata ugonjwa. Midomo ilivimba nikawa kama kiboko. Kutoka siku ile waliniachia.” Akapeperusha makapi. “Mwana, chakula ni kama bwana. Ya mwenzako iko muzuri kwa mwenzako.”

“Lakini yako ulikuwa unaiona kwa ngozi. Yangu iko ndani tu. Wanasema ni mazoea.”

“Tumbo yako inasema miezi mingapi? Mutu akisema jambo moja kila siku, na hapati faida, kwa nini unafikiri anakudanganya?”

Nililala nikiwa nimekata shauri. Maziwa yangewekwa mezani, kwa kuwa bila maziwa hakuna kadi. Kikombe changu kingejazwa, kwa kuwa mke aliyeendelea hunywa na wageni. Lakini ningekiinua hadi midomoni na kukishusha, kukiinua na kukishusha, kama padri anavyobariki. Nilijifanyia mazoezi na kikombe kitupu nyuma ya mlango.

Wakaguzi walikuja alasiri. Alikuja bwana mmoja mwenye miwani na kipara kinachong’aa, na pamoja naye yule madamu wangu, aliyeletwa kuwaangalia wanafunzi wake. Mama mkwe alikuwa ameombwa kwenda kwa jirani. Alikubali mara mbili, kisha akakaa palepale penye mbabula yake.

Mambo yalianza vizuri. Bwana mkaguzi alibonyeza godoro. Alifungua kabati, akahesabu sahani kwa macho. Aliinua uma mmoja na kuutazama, nami nikaomba asiukumbuke, maana nina hakika walikwisha kukutana katika nyumba nyingine. Tukaketi. Nikamimina kahawa, nikamimina maziwa. Mume wangu alikunywa kikombe chake chote bila kupumua, kwa ushujaa, akatabasamu na masharubu meupe.

Mimi nikainua, nikashusha. Nikainua, nikashusha.

“Madamu,” akasema mwalimu wangu kwa sauti tamu, “hunywi?”

Bwana mkaguzi akageuza miwani yake kwenye kikombe changu. Nakuambia, nimewahi kutazamwa na watu wengi maishani, lakini kikombe changu hakijawahi kutazamwa hivyo tena. Nikamwona msichana wa ng’ambo anavuta kiti. Nikafungua kinywa niseme lolote, na sijui ningesema nini, maana mkono wa mume wangu ulipita mbele yangu ukachukua kikombe.

“Mke wangu ananipenda,” akasema kwa Kifaransa chake kizuri. “Kila siku huniachia chake.”

Akakinywa. Chote. Nilimtazama kooni maziwa yakishuka, na nikaona jasho likitoka juu ya mdomo wake, na ndipo, baada ya miezi yote ile ya uzio, nikaelewa. Yeye naye. Yeye naye alikuwa hivyohivyo, tangu mwanzo, na alijua alichokuwa anakimeza, na amekimeza kwa ajili yangu.

Ningependa kukuambia kwamba muda ulisimama. Haukusimama. Muda ulikwenda mbio, na mume wangu naye. Alimwuliza mkaguzi swali la heshima juu ya hali ya hewa, hakungoja jibu, akasimama.

“Mniwie radhi. Nakwenda kutazama uzio.”

“Uzio?” mkaguzi akauliza.

“Kuna wezi,” nikasema.

Tulikaa. Madamu alisifu kitambaa cha meza. Bwana mkaguzi akatazama saa yake, akafunga kalamu, akasema kwamba basi tumalize: jiko na choo.

Ndiyo. Choo. Kilikuwa katika karatasi yao, nimekwisha kukuambia, wala sikukificha.

Tukatoka nje kwa msafara, yeye mbele, madamu nyuma yake, mimi nyuma nikitafuta Kifaransa cha neno “subiri.” Jikoni kulikuwa safi. Mama mkwe alikuwa juu ya kigoda chake, samaki wake wamepangwa kama askari, naye akawasalimu kwa kichwa. Bwana mkaguzi akaenda moja kwa moja hadi choo, ambacho kilikuwa na mlango mzuri sana, mpya, wa mbao za masanduku ya kampuni, na mlango huo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaugonga kwa adabu.

Kutoka ndani zikatoka sauti. Sitazieleza. Maendeleo yalikuwa yanarudi yalikotoka.

Bwana mkaguzi akasimama na kalamu yake hewani. Madamu akapendezwa ghafla na majani ya mihogo. Ndipo mama mkwe, bila kuinuka kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia:

“Mungojee kidogo, bwana. Maziwa iko inatoka.”

Mkaguzi alijua Kiswahili. Nilimwona akikielewa. Kipara kilibadilika rangi kuanzia nyuma kuja mbele, akakohoa, akaandika kitu, na hata leo sijui aliandika nini. Mlango ukafunguka. Mume wangu akatoka, tai imenyooka, akaushika mlango wazi kwa mkono kama bwana wa hoteli.

“Kama mnavyoona,” akasema, “ni safi.”

Nimewapenda watu wachache kama nilivyompenda yeye dakika ile.

Walipokwenda, hakwenda mezani. Alivuta kigoda jikoni, akaketi na tai yake, na mama yake akampa uji wa mchele wa majimaji wenye chumvi kidogo, kisha wa pili. Nilikaa chini karibu naye.

“Tangu lini?” nikamwuliza.

“Tangu kikombe ya kwanza.”

“Na mimi.”

“Nilifikiri weye iko unatazama moto.”

“Nilifikiri wewe unatazama uzio.”

Mama mkwe alicheka kwa pua hadi akaweka sufuria chini. “Moto na lupango,” akasema. “Nimezaa karani.”

Nikamwuliza mume wangu pia, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa bado halijaisha, habari za mabinti wa masista. Akakoroga uji wake.

“Kama mmoja wao angekunywa maziwa yote peke yake,” akasema, “nani angeniachia choo?”

Hiyo haikuwa na mantiki yoyote, lakini niliipokea. Hakuwataja tena.

Kadi hatukuipata. Jibu lilisema mwombaji bado hajafikia kiwango, ajaribu tena. Kiwango gani, cha choo au cha meza au cha samaki, hawakusema. Mume wangu alilisoma jibu hilo jioni nzima, na sikumcheka, maana aliutaka ule mlango kweli, na mtu akifungiwa mlango humponyi kwa mzaha. Kisha akarudisha uma kwa wenyewe. Miaka michache baadaye uhuru ukaja, kadi zote zikawa karatasi tu, za waliopata na za waliokosa, na watoto wetu walikaa darasani karibu na dirisha bila mtu kuja kuonja kahawa yetu kwanza.

Nilirudi kwa madamu, kwa kuwa kushona nilikupenda. Aliponimiminia, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba maziwa hayanifai. Nilitegemea hotuba. Aliweka birika chini, akaniambia kwamba kwao kuna tunda dogo jekundu, watu wote wanalipenda, lakini yeye akilila hutokwa na vipele shingoni, kwa hiyo tangu utoto hajaligusa.

“Na hukuambiwa ni mazoea?” nikauliza.

“Hapana,” akasema, “mama yangu aliacha tu kunipa.” Kisha akashika kikombe changu, akayamimina maziwa yangu yote katika kikombe chake mwenyewe, na kwangu akaweka kahawa tupu. Kumbe alijua siku zote kwamba mwili unaweza kukataa. Alidhani tu ni haki ya miili ya kwao.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani ninakuambia chakula cha wageni ni sumu na cha kwetu ni dawa. Huo ni ujinga uleule umevaa kitenge. Mkate wa ngano haukuwahi kuniumiza; niliupenda na ninaupenda. Siagi kidogo juu yake, salama. Maziwa kidogo yaliyokandwa ndani ya maandazi, tumbo langu halikuyaona. Kikombe kizima ndicho kilikuwa vita. Na mume wangu, mwana wa Yanonge, tuligundua kwamba maharagwe ya usiku yalimtesa karibu kama maziwa, maharagwe yetu wenyewe ya siku zote, lakini akiyala mchana hakuna neno. Na mama yake alikuwa na viwavi vyake. Tulikuwa watatu, chungu kimoja, na matumbo matatu yasiyokubaliana.

Tulijuaje? Si kwa akili nyingi. Mwanzoni, baada ya aibu ile, nilitaka kuacha kila kitu kwa pamoja: maziwa, mkate, siagi, maharagwe, hata mawese. Mama mkwe akanikataza.

“Ukifukuza watu wote nyumbani,” akasema, “utamjua mwizi namna gani?”

Basi tukaacha maziwa peke yake, na vingine tukaviacha vilivyo. Tulipotulia, nikajirudishia kijiko, siyo kikombe, nikangoja. Nikajua. Ndipo tukaenda kwenye maharagwe ya mwanawe. Ilichukua muda mrefu, na haikuwa na heshima yoyote ya kuandikia makala, lakini tangu hapo nilipika chungu kimoja cha wali au lituma kwa wote, na vya kando kila mtu achague chake, wala hakuna aliyeitwa mwenye kiburi. Wageni walishangaa. Walisema nyumba hii ina masharti kama ya mganga. Niliwapakulia zaidi.

Jambo moja ulichukue bila mzaha. Tumbo linalonguruma unaweza kuongea nalo polepole. Lakini ikiwa chakula kinakuvimbisha midomo au macho, au kinakubana pumzi, kama mama mkwe na viwavi vyake, hicho usikijaribu tena hata kijiko, na usimruhusu mtu akufichie ndani ya mboga. Nenda hospitali. Na ukikonda kama nilivyokonda mimi, au ukiona damu, nenda pia. Usiseme ni mimba.

Kwa hayo mengine huhitaji mizani wala mapazia. Kesho chagua chakula kimoja tu unachokishuku, kiache, vingine vyote viendelee kama kawaida. Tumbo likitulia, kirudishe kwa kijiko kimoja, mchana, ukiwa nyumbani, na kwanza mwulize unayeishi naye kama choo kina mtu.